Kitana cha Ndege Namba Kumi na Nne

Nyumbani kwetu, ndege namba kumi na nne imeungua mara nyingi kuliko mkaa. Iliungua siku ya harusi ya shangazi, ikaungua siku niliyopata diploma, ikaungua hata msibani, pale waombolezaji walipoishiwa maneno. Mwenye kuiunguza alikuwa babu, na kazi hiyo aliijua. Kwanza moshi mweusi, puu, kutoka kwenye injini. Kisha mwali wa moto. Kisha shule: chini kuna shule, watoto wako uwanjani wanacheza, na babu, mwanafunzi wa urubani mwenye miaka ishirini na moja, katika jeshi la anga changa kuliko yeye mwenyewe, anaishika ile ndege ya mbao na turubai na kuigeuza kuelekea porini. Ndipo anaruka. Parachuti inafunguka. Ndege inabaki majivu.

"Hata msumari haukuokotwa," angemalizia, huku akichomoa kitana kutoka mfuko wa shati na kukipitisha kichwani, ambako siku hizi nywele zimebaki za kuhesabika.

Bibi hakuwahi kumkatiza. Alikuwa na neno moja tu, tena la mwanzoni, babu anapokohoa kusafisha koo: "Funga mkanda kwanza, mzee." Sote tulicheka. Tulidhani ni utani wa kusindikiza hadithi.

Na ushahidi ulikuwepo, umetundikwa ukutani sebuleni. Picha ya zamani: babu amesimama uwanja wa ndege, amekumbatia parachuti iliyovurugika kama mtu aliyefumaniwa na godoro la wizi, nywele zimemsimama timtim. Katika picha zake zote, hiyo ndiyo pekee ambayo hakuchana nywele. "Upepo wa moto, mke wangu," alinieleza nilipokuwa mdogo. Ndivyo anavyoniita mpaka leo, na bibi naye huniita mke mwenza.

Sasa mimi nafanya kazi chumba cha nyaraka, makumbusho ya jeshi la anga. Ni chumba kirefu chenye rafu za chuma, feni inayozunguka ikikumbuka, na maboksi ambayo ukiyafungua unapiga chafya kabla hujasoma. Mkuu wangu tunamwita Muhuri, kwa sababu haamini kitu kisichopigwa muhuri. Inasemekana mkewe alipomwandikia barua ya kwanza ya mapenzi, aliirudisha kwa kukosa tarehe.

Mwaka huu Muhuri alinipa kazi niliyoimezea mate: bamba la shaba litakalowekwa ukutani, lenye majina ya wote waliookolewa na parachuti katika miaka ya mwanzo ya jeshi. Majina kumi na mawili yaliletwa na chama cha wastaafu. Chini ya kila jina, mstari mmoja wa kusema ilikuwaje. Uzinduzi Jumamosi. Mchongaji anataka orodha Alhamisi saa sita mchana, na amesema wazi kwamba saa sita na dakika moja atakuwa ameshaanza kuchonga mlango wa benki.

Jina la tisa lilikuwa la babu.

"Huyu ni wako," Muhuri alisema, akinitazama juu ya miwani. "Kwa hiyo utamchunguza kama adui. Karatasi tatu, zikubaliane. Zisipotimia, jina linatoka."

"Hata kama kila mtu anajua?"

"Kila mtu si karatasi."

Karatasi tatu ndizo hizi. Kuna jalada la ajali. Kuna daftari la safari, ambamo kila ndege iliandikwa saa ya kupaa na saa ya kutua. Na kuna kadi ya parachuti. Kila parachuti ilikuwa na kadi kwenye mfuko wake, yenye tarehe ya kukunjwa na namba ya aliyeikunja. Mtu akiokoka, kadi ilirudi karakana, na nyuma yake yakaandikwa maelezo yake mwenyewe.

Wiki mbili nilicheka peke yangu kama mwehu. Yuko sajini aliyeruka ndege ilipokatika bawa, akatoboa paa la jiko la kambi. Ripoti ya ajali iliandikwa na mpishi, na mistari minane kati ya kumi inahusu sufuria. Yuko mwingine aliyening'inia juu ya mti saa tatu, akateremshwa na kupewa onyo kwa kuchelewa kazini.

Si yote yalikuwa ya kuchekesha. Majalada ya walioruka ni membamba. Manene ni ya wale ambao hawakuwahi kuruka, na kwa kila mmoja aliyeruka niliwakuta watatu wa namna hiyo. Kuna jalada lenye saa ya mkononi iliyosimama saa mbili na robo. Siku niliyolifunga hilo, Muhuri aliniletea chai bila kuombwa, kitu ambacho hakijawahi kutokea katika historia ya idara.

"Ndiyo maana sitaki mwongo kwenye ule ukuta," alisema. "Hawa hawawezi kuja kubisha."

Jumatano asubuhi nikafika jina la tisa.

Nilianza na daftari la safari. Ndege namba kumi na nne, watu wawili, mwalimu mbele na mwanafunzi nyuma. Kupaa: saa tatu na dakika kumi asubuhi. Nikateremsha kidole nikitafuta neno moto. Nikakuta hivi: kutua, saa nne kasoro robo. Watu: mmoja. Hali ya ndege: nzima.

Nikafumba macho, nikafumbua. Bado nzima. Nikafunua ukurasa. Kesho yake, saa moja asubuhi, ndege namba kumi na nne, ile iliyobaki majivu, ile ambayo hata msumari wake haukuokotwa, ilipaa tena ikiwa na rubani mwingine. Ikaendelea kupaa kwa miaka sita.

Jalada la ajali lilikuwa na karatasi moja na bahasha ndogo. Karatasi ilikuwa ya mwalimu:

"Nilimwonyesha mwanafunzi ishara ya kufunga mkanda, kisha nikapindua ndege juu chini kama ratiba ya mafunzo inavyotaka. Nilipoinyoosha niliona imekuwa nyepesi. Niligeuka ili nimsifu mwanafunzi kwa utulivu wake, nikakuta kiti kitupu. Baadaye alionekana akitembea kurudi uwanjani na parachuti yake, mzima. Ndani ya sehemu yake ya kukaa kimekutwa kitu kimoja, nakiambatanisha. Ikumbukwe kwamba siku hiyo tulitarajia mpiga picha uwanjani saa nne. Napendekeza mwanafunzi ahamishiwe kazi za ardhini, ambako akidondoka hatafika mbali. Maelezo yake mwenyewe: tazama kadi."

Niliinamisha bahasha. Kikadondoka mezani kitana cha kahawia, jino moja limevunjika.

Nilicheka mpaka feni ikasimama. Kisha nikaacha kucheka, maana Jumamosi ilikuwa inakuja. Shangazi alishakodi basi dogo la ukoo. Babu alishashonesha suti. Na kabati la kadi za parachuti lilikuwa na kadi kumi na moja tu; ya babu haikuwemo.

Nilimpelekea Muhuri karatasi zangu mbili. Alizisoma, akatoa mlio puani, ambao kwa wanaomfahamu ni kicheko.

"Kwa hiyo hana nafasi?" nikauliza.

"Nani kasema? Bamba ni la waliookolewa na parachuti. Halikuuliza walitokaje kwenye ndege. Kadi ikipatikana na ikaafikiana na hizi, jina linabaki. Ila mstari wa chini utakuwa wa kweli." Akanirudishia karatasi. "Kesho saa sita."

Nikakipiga picha kile kitana kwa simu, nikaomba ruhusa, nikaenda nyumbani.

Babu alikuwa kibarazani kwenye kiti chake, suti mpya imetundikwa mlangoni anaitazama kama televisheni. Shangazi alikuwa anajaribu kofia pana kama sinia.

"Mke wangu kaja mapema!" babu akasema. "Wamekufukuza?"

"Bado. Babu, ile ndege iliungua yote?"

"Yote! Hata msumari..."

"Kesho yake ilipaa saa moja asubuhi."

Shangazi akaivua kofia. Babu akakohoa. "Namba zinafanana fanana hizo. Jeshi lile lilikuwa na vurugu, makarani wenyewe hawajui kusoma."

"Na mwalimu wako naye hakujua kusoma?"

"Yule alinionea wivu. Nilikuwa namzidi sura."

Sikubishana. Nikafungua simu, nikaweka picha mbele yake. Aliitazama kitambo. Mkono wake wa kulia, bila kuagizwa, ukapanda mpaka mfuko wa shati na kukipapasa kitana kilichokuwamo, kama mtu anayehakikisha kwamba mke yuko nyumbani.

"Kina jino moja limevunjika," nikasema.

"La tatu," akasema babu. Kisha akasikia mwenyewe alichosema.

"Baba!" shangazi akafoka. "Mbona sielewi? Shule je? Watoto uwanjani?"

"Watoto walikuwepo," babu akasema kwa sauti ndogo. "Walikuja kunitazama nilipotua. Walicheka sana."

Basi akalitoa lote, vipande vipande. Mpiga picha alikuwa anawasubiri chini. Ndege haikuwa na paa, na upepo umemvuruga nywele. Akachomoa kitana, kikamponyoka, kikaanguka miguuni. Akafungua mkanda ainame kukiokota. Mwalimu alionyesha ishara, naam, lakini ishara haionekani na mtu ambaye kichwa chake kiko katikati ya magoti. Alipokigusa tu kitana, kilichokuwa kimenasa chini ya kiti, dunia ikageuka. "Nikaona mbingu iko chini," babu akasema. "Nikajiambia, hii si kawaida."

"Kwa hiyo ulimwagika," nikasema. "Kama uji."

"Usinikosee adabu, binti! Kuvuta kile kishikio cha parachuti kulitaka moyo."

"Hilo sikatai. Sasa nataka kadi. Bila kadi hata kumwagika kwako hakuna."

"Kadi zilipotea zamani. Basi, yameisha, litoe jina." Lakini alisema huku anaitazama suti.

"Hazikupotea," ikasema sauti mlangoni.

Bibi alikuwa amesimama na bati lake la vifungo. Sote tulijua bibi alikuwa fundi cherehani jeshini, na ndiko walikokutana. Hatukujua alichokuwa anashona.

"Niliikunja mimi ile parachuti," akasema, akikaa kwenye mkeka. "Namba saba. Pale karakana tulikuwa na sheria yetu, si ya wakubwa, ni ya sisi wakunjaji. Ukiokoka, unakuja mezani kwa aliyekukunjia, na kilo ya sukari, na unamwambia kwa mdomo wako ilikuwaje. Ukweli mtupu. Maana ukimdanganya mkunjaji, kesho atakunja vibaya, na atakufa mwingine. Wakubwa uliweza kuwadanganya. Mpiga picha pia. Meza yetu, hapana."

"Na babu akasema ukweli?"

"Alisimama mbele yangu na sukari yake, nywele kama kiota. Akasema, dada, nilikuwa natafuta kitana. Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye turubai. Wengine watatu niliowakunjia walikuja na mambo ya moto na injini, nikawaandikia, wakaenda zao. Huyu nikasema, mwanaume anayeweza kumwambia msichana jambo kama hili, huyu nitaishi naye." Akamgeukia babu. "Kumbe ulikuwa ukweli wako wa kwanza na wa mwisho. Ndiyo maana kadi sikuirudisha. Niliona ukipotea huo, sitapata mwingine."

"Miaka sitini umenisikiliza!" babu akasema. "Na unacheka na watu!"

"Nilikukumbusha kila mara. Nilikwambia ufunge mkanda."

Hapo ndipo lilipotuingia lile neno lake. Shangazi alishika kofia yake kwa mikono miwili, akacheka ndani yake kama mtu anayetapika.

"Nipe kadi, bibi," nikasema. "Kesho saa sita."

"Mke mwenza, kadi si yako. Yeye ndiye aniombe. Na aniombe kama ilivyo sheria."

Babu akainuka, akachukua suti yake mlangoni, akaingia ndani. "Bora nisiwepo kabisa," tukamsikia. "Bora ukuta mtupu kuliko watu kunisoma nimemwagika!"

Alhamisi saa nne nilikuwa na orodha ya majina kumi na moja na nafasi moja nyeupe. Saa tano bado nyeupe. Muhuri alipita mara mbili, akatazama saa ya ukutani, kisha yake ya mkononi, kama anayetafuta muhuri wa pili. Saa sita kasoro dakika ishirini nikachukua kalamu nikate mstari wa tisa. Niliibonyeza kalamu kwenye karatasi, na mkono ukakataa kwenda.

Mlango ukafunguka. Babu alikuwa amevaa suti. Nywele zimelazwa kwa mafuta, moja moja. Nyuma yake alikuwepo bibi, ameshika mfuko wa karatasi wa kilo ya sukari, ana uso wa mtu aliyelipwa haki yake.

"Nani mkubwa hapa?" babu akauliza.

"Mimi," akasema Muhuri.

Babu akaweka kadi mezani. Ilikuwa ya rangi ya chai, imepindika kwa kulala chini ya vifungo. Mbele: tarehe, namba saba, muhuri wa karakana. Muhuri aliugusa ule muhuri kwa kidole, taratibu, kama anayempima mtoto homa. Akaigeuza. Akasoma kwa sauti: "Nilifungua mkanda niokote kitana. Ndege ilipogeuzwa nikadondoka. Parachuti ilifunguka vizuri, asante dada. Naomba usimwambie mtu."

Feni ikakumbuka kuzunguka.

"Karatasi tatu," akasema Muhuri. "Zinakubaliana. Sasa mstari."

"Andika: alilazimika kuachana na ndege," babu akasema haraka.

"Nani alimlazimisha?"

"Hali ya hewa."

"Daftari linasema jua kali."

"Basi: alitoka nje ya ndege angani."

"Kutoka ni kwa hiari, babu," nikasema.

"Wewe nyamaza, mke gani usiyenitetea!" Akafikiri. "Alitenganishwa na ndege."

"Na nini?" Muhuri akauliza. Alikuwa anafurahi, namjua. Ncha za masikio yake zilikuwa zimepata rangi.

"Mzee," akasema bibi, "mchongaji anasubiri. Sema kama ulivyoniambia mezani."

Babu alimtazama bibi. Akautazama mfuko wa sukari. Kisha akayatazama yale maboksi, rafu hadi rafu, na nadhani alijua majina mengi yaliyomo, maana alipoongea alikuwa ameacha mzaha.

"Nilikula nao hawa," akasema. "Wengi hawakupata nafasi ya kudondoka." Akanigeukia. "Andika: alidondoka akitafuta kitana. Na uandike jina la aliyeikunja."

"Bamba halina nafasi ya wakunjaji," nikasema.

"Basi ipatikane," akasema Muhuri, na siku hiyo nilidhani kaugua. Bibi akatutajia wakunjaji wenzake namba kwa namba, Muhuri akaipigia karatasi muhuri mara mbili. Nilikimbia ngazi tatu tatu. Mchongaji alikuwa ameshashika patasi ya mlango wa benki, na nilipomwambia ile orodha sasa ina majina ya wakunjaji pia, alitaja wahenga wake wote, akaiweka patasi chini, akaanza kupima bamba upya.

Jumamosi watu walijaa ule ukumbi. Walipita kwenye injini zilizolipuka, mabawa yaliyokatika, mafuta yaliyokwisha juu ya milima, wakitikisa vichwa kwa heshima. Wakifika mstari wa tisa walisimama. Mmoja alisoma, akamvuta mwenzake, mwenzake akamvuta mkewe. Kicheko kilianzia hapo kikazunguka ukumbi mzima, na wajukuu wa yule sajini wa jikoni walikuja wenyewe kumshika babu mkono. Bibi alikuwa kwenye bamba mara nne, namba saba na jina lake kamili, mara nyingi kuliko mtu yeyote. Shangazi alimwonyesha kila mgeni, na kofia yake iliwagonga wengi.

Nusu saa haikupita nikamsikia babu katikati ya umati: "Sasa kile kitana hakikuwa kitana cha hivi hivi. Kilikuwa cha pembe, nilipewa na..."

"Funga mkanda, mzee," akasema bibi, na safari hii ukumbi mzima ulijua kwa nini.

Kitana chenyewe kilikuwa kwenye kisanduku cha kioo chini ya bamba. Babu alimwomba Muhuri ruhusa ya kurudi nacho nyumbani, Muhuri akamjibu kuwa ni mali ya serikali. Baada ya fomu mbili na sahihi ya bibi kama mdhamini, akamkopesha kwa dakika kumi za picha.

Mpiga picha akampanga mbele ya ukuta. Shangazi akapaza sauti: "Baba, chana nywele, kitana si hicho unacho!"

Babu akakitazama kile cha kahawia, chenye pengo la jino la tatu. Akakiinua mpaka usawa wa kifua ili kionekane vizuri. Kisha kwa mkono mwingine akazivuruga zile nywele chache alizonazo, zote, mpaka zikasimama timtim.

"Piga," akasema.